Sharti na Makosa Yake: Historia ya Kauli ya “if” Kabla ya Python na Ndani Yake

Kauli ya sharti, yaani sehemu ya programu inayoiagiza kompyuta ifanye jambo fulani endapo hali fulani ni ya kweli na ifanye jingine endapo si kweli, ni miongoni mwa mambo ambayo wanaojifunza lugha ya Python hukutana nayo mapema na kuendelea kuyakosea kwa muda mrefu. Makosa yenyewe anayajua kila anayefundisha: alama moja ya usawa mahali palipohitaji mbili, nuktambili iliyosahauliwa mwishoni mwa mstari, neno “or” lililotumiwa kama “au” ya mazungumzo, namba iliyolinganishwa na maandishi, na matawi yaliyopangwa kwa mfuatano usiofaa. Vitabu vingi vya mafunzo huyahesabu kuwa ni uzembe wa mwanafunzi na kumpa dawa ya kila kosa, lakini historia ya lugha za programu inaonyesha kwamba mengi kati ya hayo yanatokana na maamuzi ya watu wanaojulikana, na kwamba sehemu kubwa ya marekebisho haikufanywa na wanafunzi bali na wabunifu wa lugha, walipokubali kwamba kosa linalorudiwa na watu wengi wasiojuana haliwezi kuwa la mtu mmoja mmoja.

Uwezo wa mashine kuchagua haukuja mara moja. George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyefundisha Cork huko Ireland, alichapisha mwaka 1854 kitabu kilichoonyesha kwamba hoja za mantiki zinaweza kushughulikiwa kwa aljebra yenye thamani mbili tu, 1 na 0, na ndiyo sababu thamani za kweli na si kweli katika kompyuta zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hata hivyo mashine ya Z3, ambayo Konrad Zuse aliikamilisha Berlin mwaka 1941, na ambayo ilisoma maagizo yake kutoka kwenye utepe wa filamu uliotobolewa, haikuwa na agizo la kuruka kwa sharti. Iliyafuata maagizo moja baada ya jingine bila kuweza kuamua lolote njiani. Mashine za baada ya vita zilipata agizo hilo, lakini kwa umbo la kuruka: thamani ikiwa hasi, nenda kwenye agizo namba fulani, ikiwa sivyo, endelea na linalofuata.

Umbo hilo la kuruka liliingia moja kwa moja katika Fortran, lugha ambayo John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM waliitayarisha kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704 na kuitoa mwaka 1957. Kauli yake ya “IF” haikuuliza swali la ndiyo au hapana, bali ilipiga hesabu na kugawa njia tatu, kwa hiyo aliyeandika “IF (A-B) 10, 20, 30” alikuwa anaagiza kwamba tofauti ya A na B ikiwa hasi kompyuta iende kwenye kauli namba 10, ikiwa sifuri iende namba 20, na ikiwa chanya iende namba 30. Muundo huu ulifuata mwenendo wa mashine, si fikra za msomaji, na anayesoma programu ndefu alilazimika kufukuzia namba zilizotapakaa kurasa nzima ili ajue kauli ipi inategemea sharti lipi. Malalamiko juu ya mrukoruko huo yalifikia kilele mwaka 1968, pale Edsger Dijkstra alipochapisha barua yake mashuhuri dhidi ya kauli ya “go to”, lakini kufikia wakati huo njia mbadala ilikuwa imeshapatikana kwa takriban miaka kumi.

Njia hiyo ilitokana na mchezo wa chesi. John McCarthy, alipokuwa akiandika kwa Fortran, mwaka 1957 na 1958 huko MIT, programu ya kukagua hatua halali za mchezo huo, alichoshwa na “IF” ya njia tatu akatunga fomula iliyopokea vitu vitatu, sharti na majibu mawili, na kurudisha jibu moja kati ya hayo mawili kulingana na sharti. Fomula hiyo ilikuwa na kasoro moja, kwamba Fortran ilikokotoa majibu yote mawili kabla ya kuchagua, na pale jibu lililokataliwa na sharti lilipokuwa haliwezi kukokotolewa, hesabu nzima iliharibika. Kutokana na kasoro hiyo McCarthy aliweka kanuni kwamba sharti likaguliwe kwanza na jibu lililochaguliwa peke yake ndilo likokotolewe, kanuni aliyoijengea lugha yake ya Lisp na kuipendekeza kwa kamati ya ALGOL. Mwanafunzi wa leo anayeandika “if n != 0 and jumla / n > 50” anaitegemea kanuni hiyohiyo: sehemu ya pili haiguswi ikiwa ya kwanza si kweli, na kwa hiyo kugawa kwa sifuri kunaepukwa, lakini akizipanga sehemu hizo kinyume programu inavunjika ingawa kwa mantiki ya kawaida “hiki na kile” ni sawa na “kile na hiki”.

ALGOL 60 ilileta “if”, “then” na “else” kwa sura inayotambulika leo, na pamoja nazo ilileta tatizo jipya lililowashughulisha wataalamu kwa miaka kadhaa, la “else” inayoning’inia. Sharti moja likiwekwa ndani ya jingine, kisha ikafuata “else” moja tu, je, hiyo “else” ni ya sharti la nje au la ndani? Lugha ya C, iliyoandikwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilijibu kwamba ni ya sharti la karibu zaidi, hata kama mwandishi ameupanga mstari wake kana kwamba ni ya lile la mbali, kwa maana C haijali mstari umeanzia wapi kwenye ukurasa. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo jicho haliwezi kuliona, kwa sababu binadamu anasoma mpangilio wa mistari na kompyuta inasoma kitu kingine. Uzito wake ulidhihirika Februari 2014, kampuni ya Apple ilipotoa marekebisho ya programu iliyokagua usalama wa mawasiliano ya intaneti: mstari mmoja wa “goto fail” ulikuwa umejirudia mara mbili chini ya sharti lisilo na mabano, wa pili ukiwa umesogezwa ndani kama wa kwanza na kuonekana kuwa sehemu ya sharti, ilhali kwa kompyuta ulikuwa nje yake na ulitekelezwa kila mara, ukiruka ukaguzi uliobaki.

Jibu la Python kwa tatizo hilo lilianza Ulaya kabla Python yenyewe haijakuwapo. Peter Landin, Mwingereza, alikuwa ameshapendekeza mwaka 1966 kwamba nafasi ya mstari kwenye ukurasa iwe na maana kwa kompyuta kama ilivyo na maana kwa msomaji, na wazo la namna hiyo lilitumiwa katika kituo cha utafiti wa hisabati na kompyuta cha Amsterdam, ambacho leo kinaitwa CWI, na Lambert Meertens na Leo Geurts, waliokuwa wakibuni lugha ya watu wasio wataalamu iliyokuja kuitwa ABC. Tukio moja katika ubunifu huo linastahili kukumbukwa na kila anayefundisha masharti. Mwaka 1978, katika kikao kilichofanyika Jabłonna nchini Poland, Meertens, Robert Dewar, Peter King na Jack Schwartz walikuwa wakilinganisha njia mbalimbali za kuandika programu ileile ya kupanga namba, wakashindwa kukubaliana, ndipo akaitwa mke wa Dewar atoe maoni yake. Baada ya kuelezwa njia ya kwanza aliuliza kama ni kweli kwamba mstari wa “FOR” unahusu mistari inayofuata chini yake, wala si ule mmoja tu, na wataalamu wale wakatambua kwamba mkanganyiko huo usingetokea kama mwishoni mwa mstari kungekuwa na nuktambili. Alama ambayo wanafunzi wa Python huisahau kila siku baada ya “if”, na ambayo wengi hudhani ni urasimu wa kompyuta, iliwekwa kwa ajili ya msomaji mgeni, kumjulisha kwamba yanayofuata chini yake yanatawaliwa na mstari huo.

Guido van Rossum, Mholanzi aliyefanya kazi katika mradi wa ABC, alianza kuandika Python wakati wa mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1989 na kuitoa kwa umma Februari 1991. Alichukua kutoka ABC nuktambili na kanuni ya kusogeza mistari ndani, na kwa masharti yanayofuatana alitumia “elif”, neno lililokuwapo tayari katika ALGOL 68, lugha ambayo Meertens alikuwa mmoja wa wahariri wa ripoti yake iliyorekebishwa. Faida ya mpango huo ni kwamba “else” haiwezi tena kuning’inia, kwa kuwa sharti inalolihusu ni lile ililopangwa nalo wima, na kinachoonekana kwa jicho ndicho kinachotekelezwa. Gharama yake ni kwamba nafasi tupu, kitu ambacho hakionekani, ikawa sehemu ya sarufi. Anayechanganya nafasi za kawaida na zile za kitufe cha “Tab” anaweza kuona mistari miwili imepangana vizuri ilhali kompyuta inaiona imetofautiana, na Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, ilibidi ikatae kabisa mchanganyiko wa namna hiyo pale unapoleta utata.

Historia ya alama ya usawa ni ndefu zaidi na ina uchungu zaidi. Robert Recorde, tabibu na mwanahisabati wa Wales, aliichapisha mwaka 1557 kama ishara ya vitu viwili vilivyo sawa, na kwa karne nne ilibaki na maana hiyo. Fortran iliipa kazi nyingine, ya kuweka thamani ndani ya kigeu, yaani jina linalotunza thamani inayoweza kubadilika, na kwa kuwa kauli kama “X = X + 1” ni upuuzi katika hisabati, ALGOL 60 ilijaribu kuirudishia alama hiyo heshima yake kwa kutumia “:=” kuweka thamani na “=” kulinganisha. Huo ndio uamuzi uliokuwa bora, lakini haukufuatwa na kila lugha. Ken Thompson, alipotengeneza lugha ya B, mama wa C, aliona kwamba programu za kawaida huweka thamani mara nyingi zaidi kuliko zinavyolinganisha, karibu mara mbili, na kwa hiyo akaipa kazi ya kuweka thamani alama fupi “=” na ya kulinganisha alama ndefu “==”. Uchumi huo wa herufi moja umelipiwa na vizazi vya wanafunzi, maana katika C kauli ya “if (x = 5)” ni halali: inaweka 5 ndani ya x, inaiona 5 kuwa si sifuri, na inaendelea kana kwamba sharti limetimia. Novemba 2003 mtu asiyejulikana alijaribu kuupenyeza mlango wa siri katika nakala moja ya msimbo wa Linux kwa kutumia kosa hilihili kwa makusudi, akiandika “= 0” mahali ambapo msomaji angedhani ni ulinganishi, ili anayeita agizo fulani ageuzwe kuwa msimamizi mkuu wa mfumo; jaribio hilo liligunduliwa mapema.

Python iliazima alama zilezile za C lakini ikaondoa sumu yake, kwa kukataza kabisa kuweka thamani kwa “=” ndani ya sharti. Kwa miaka mingi, hata hivyo, katazo hilo lilitangazwa kwa maneno mawili tu yenye maana ya “sintaksia batili”, ambayo hayakumweleza mwanafunzi lolote alilolihitaji. Mwaka 2018 pendekezo namba 572 la kuruhusu kuweka thamani ndani ya semi lilizua mabishano makali kiasi kwamba van Rossum, baada ya kulikubali, alijiuzulu Julai mwaka huo nafasi yake ya kuwa mwamuzi wa mwisho wa lugha. Na inafaa kuzingatiwa kwamba alama iliyochaguliwa katika Python 3.8 ya mwaka 2019 ni “:=”, ileile ya ALGOL, ili isichanganywe na “==”. Kisha toleo la 3.9 lilipata kichanganuzi kipya cha sarufi, na toleo la 3.10 la Oktoba 2021 likaanza kutoa ujumbe unaomuuliza mwandishi kama alikusudia “==” au “:=” badala ya “=”, na unaomwambia waziwazi kwamba nuktambili ilitarajiwa mahali fulani. Baada ya zaidi ya miaka 30, ujumbe wa kosa ulianza kuzungumza na mkosaji.

Kosa la “or” lina ukoo tofauti. Mwanafunzi huandika “if siku == 6 or 7” akikusudia kusema kwamba siku ni ya 6 au ya 7, na programu hukubali siku yoyote ile, kwa sababu Python husoma pande mbili zinazojitegemea, upande wa “siku == 6” na upande wa “7” peke yake, na namba yoyote isiyo sifuri huhesabiwa kuwa kweli. Jambo ambalo walimu hawalitaji ni kwamba sentensi ya mwanafunzi ilikuwa sahihi kabisa katika lugha nyingine ya programu: COBOL, iliyotangazwa mwaka 1960 kwa ajili ya kazi za biashara na serikali, huruhusu masharti yaliyofupishwa ambamo kinacholinganishwa hakirudiwi baada ya “OR”, kwa kuwa waliobuni lugha hiyo walitaka isomeke kama sentensi za Kiingereza. Ruhusa hiyo ilizaa mitego yake, hasa pale “NOT” ilipoingia kati, kwani “si 6 au 7” kwa mzungumzaji humaanisha kwamba si hii wala ile, ilhali kwa mantiki hutoa sharti linalotimia daima, maana kila namba ama si 6 au si 7. Python ilichagua njia ngumu zaidi kwa anayeanza lakini isiyo na utata, na ikampa njia ya kutokea ambayo ni nzuri kuliko zote, “if siku in (6, 7)”. Upande wa ulinganishi wa mfululizo ilikuwa karimu: “if 18 <= umri < 60” ina maana ileile iliyo nayo kwenye daftari la hisabati, ilhali katika C maandishi hayo hukubaliwa kimyakimya na kutoa jibu la uongo.

Mchanganyiko wa aina za data ulirekebishwa kwa gharama kubwa zaidi. Katika Python 2 maandishi yaliyopokelewa kutoka kwa mtumiaji yaliweza kulinganishwa na namba bila onyo lolote, na kwa kuwa lugha iliamua kiholela kwamba kila namba ni ndogo kuliko kila maandishi, sharti la kwamba umri uliopigwa chapa ni 18 au zaidi lilitimia hata kwa aliyeandika “9”. Hili lilikuwa kosa baya kuliko yote kwa mwanafunzi, kwa sababu programu haikuvunjika bali ilidanganya. Python 3 iliufuta mpangilio huo wa kiholela na kusimamisha programu kwa ujumbe wa kosa, ingawa ulinganishi wa usawa bado hurudisha “False” kimya pale maandishi “9” yanapolinganishwa na namba 9, na dawa yake ni kuyageuza maandishi kuwa namba kwa “int” mara tu yanapopokelewa.

Yanabaki makosa ambayo hakuna toleo la lugha lililoweza kuyaondoa, kwa kuwa hayamo katika alama bali katika fikra. Anayepanga madaraja ya mtihani kwa kuanza na “if alama >= 40” na kufuatisha “elif alama >= 75” amefunga tawi la pili milele, maana kila mwenye 75 ameshachukuliwa na tawi la kwanza, na kompyuta haina sababu ya kulalamika. Roy Pea, katika makala aliyoichapisha mwaka 1986, alieleza kwamba wanaoanza hudhani kuna akili iliyojificha ndani ya kompyuta inayoelewa makusudio yao, na kwamba baadhi yao huiona kauli ya “if” kama mlinzi anayekesha akisubiri sharti litimie wakati wowote, ilhali inakaguliwa mara moja tu, pale utekelezaji unapoifikia. Kabla yake, katika miaka ya 1970 huko Sheffield, Sime, Green na Guest waliwapima watu wasiojua programu kwa lugha ndogo zilizobuniwa kwa ajili ya majaribio, na wakaona kwamba masharti yaliyo ndani ya masharti huwa mepesi kurekebisha pale lugha inapolazimisha sharti lirudiwe kwa ukanushi badala ya “else” tupu. Hakuna lugha kubwa iliyoufuata ushauri huo, Python ikiwemo, na hilo ni jambo la kusikitisha, ingawa mwandishi anaweza kujifanyia mwenyewe kwa kuandika pembeni ya kila “else”, kama maelezo, hali kamili inayobaki hapo.

Zoezi hilo lingefaa mahali pakubwa. Tarehe 31 Desemba 2008 vifaa vya kuchezea muziki vya Zune 30 vya kampuni ya Microsoft viliganda vyote siku moja, kwa sababu ya msimbo mdogo wa kubadilisha idadi ya siku kuwa mwaka. Msimbo huo ulizunguka maadamu siku zilizobaki zilizidi 365. Ndani yake uliuliza kama mwaka ni mrefu, na kama ni mrefu uliuliza tena kama siku zimezidi 366, ili zipunguzwe 366 na mwaka usogezwe mbele. Sharti la ndani halikuwa na “else”. Siku ya 366 ya mwaka ule mrefu idadi ilizidi 365 lakini haikuzidi 366, kwa hiyo hakuna kilichopunguzwa, mzunguko ukarudi mwanzo ukiwa na namba ileile, na watumiaji wakaambiwa waache betri iishe kabisa, kisha wawashe upya kesho yake baada ya saa sita mchana kwa saa za Greenwich, wakati ambapo kalenda ingekuwa imeshaingia Januari 1. Marekebisho yaliyohitajika katika msimbo huo yalikuwa ni tawi moja tu lililokosekana, la kutoka kwenye mzunguko pale siku zilizobaki zinapokuwa 366 kamili.